Kuikomboa Sura ya Bibi Kandida

Mtu akiniuliza kazi yangu, namwambia ukweli: napaisha takataka. Takataka za majumbani, zilizorekodiwa na watu wasiojua hata kufuta kioo cha simu. Mama kaunguza maharage, mtoto analia nyuma yake, kuku anakatiza mbele, halafu huyo mama anapanda ngazi za ofisi yangu hapa Mji Mpya, kavaa kitenge cha Pasaka, ananiambia, "Dada Resti, hii ukiirusha nchi itasimama." Nchi isimame kwa maharage? Jamani.

Lakini nazipokea. Nazitia kwenye mashine ya Undugu, zinapaa, mama anapata watazamaji, anaanza kutembea mtaani kidevu juu kama mke wa waziri. Mimi mwenyewe siziangalii. Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii sijapata kuangalia video ya mteja toka mwanzo hadi mwisho, na najivunia. Mchinjaji haulizi jina la ng'ombe.

Katika wateja wangu wote, hakuna aliyenichosha kama Kalunde Mihambo. Mnyamwezi wa Tabora, msusi, kibanda chake kiko nyuma ya soko na mdomo wake hauna breki. Alijirekodi akisuka, akila, akigombana na jirani juu ya maji ya kufulia. Na kwa kuwa mimi ni Mluguru, na Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita hapa Morogoro na mizigo kichwani, aliona ana haki ya kunifanyia lolote. Aliingia bila hodi, akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu.

"Toka kwenye kiti changu," nilimwambia Jumatatu ile.

"Mluguru na kiti wapi na wapi? Nyie si mnakaa kwenye migomba?"

"Kalunde, mimi sina mtani. Nina mteja."

"Eti sina mtani! Haya, utazikwa na nani, we mwanamke? Na hiyo mashine?" Akaitua simu yake mezani. "Nimekuletea kitu cha Mgeta, huko mlimani kwenu. Watu wamecheka mpaka wengine wamekaa chini. Ila, mtani, kabla hujairusha iangalie, maana kuna—"

"Umesharekodi?"

"Nimesharekodi, lakini iangalie kwanza, maana mle—"

"Kalunde. Niachie simu, nenda kasuke watu."

Akasonya, akamaliza chai yangu, akaondoka. Nikaitia video kwenye Undugu. Mashine ikaisikiliza kwa muda, ikaniandikia neno moja kwenye kioo cha ukutani: SHEREHE. Ikaniuliza kama ni kweli. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda kumrudishia simu yake na kutafuta chai nyingine.

*

Wanaodhani Undugu ni matangazo hawajui kitu. Matangazo yalikufa zamani, watu walishajifunza kuyapita. Siku hizi kila mtu ana kishikizi nyuma ya sikio. Ndicho kitambulisho chake, ndiyo pochi yake, ndicho kinachompimia presha. Kishikizi kinajua moyo wako hutulia ukitazama picha ya nani. Undugu hukiuliza swali hilo tu, halafu huchukua sura ya mtu aliyerekodiwa kwa karibu zaidi kwenye video na kuichanganya na sura ya huyo mpendwa wako. Mwanzoni ni kidogo, tone la maziwa kwenye chai. Yule mama wa maharage anakuwa na tabasamu la shangazi yako, na wewe unashindwa kumpita wala hujui kwa nini. Mjinga ndiye aliwaye. Video inavyopanda ndivyo mchanganyiko unavyozidi. Ikifika Kileleni, sura ya mwanzo inafutwa moja kwa moja, na kila mtazamaji anabaki na wake. Wateja wanatia sahihi kukubali hilo. Hawasomi, lakini wanatia.

Video ya Kalunde ilipanda kama moto wa kiangazi. Mimi nilikuwa naangalia mstari wa kijani kwenye kioo, basi. Ulipanda Jumanne, Jumatano ukasimama wima. Hapajawahi kutokea mpaishaji wa mkoa huu aliyefika Kileleni. Ukifika unaitwa Dar, unapewa leseni ya taifa, na unaagana na ngazi zinazonuka grisi.

Nasema grisi kwa sababu chini ya ofisi yangu kuna fundi wa pikipiki za umeme, Mzee Chambo, mtu mzima mwenye ndevu. Jumatano hiyo nilimkuta kakaa juu ya tairi, macho mekundu, analia kwa sauti. "Salima! Salima wangu jamani!" Mkewe anaitwa Tabu. Alikuwa amesimama pembeni kashika sahani ya wali, anamtazama.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilijua kabisa ni video yangu. Pale stendi watu walikuwa wanagombea mabasi kwenda makwao, kila mmoja ghafla kamkumbuka mama yake aliyemtelekeza. Wengine walilia, wengine walicheka, wengine vyote kwa pamoja. Nikajiuliza Kalunde kafanya kichekesho gani huko Mgeta cha kuwaliza watu namna ile. Nikajiuliza tu, sikuangalia. Kondoo hawahitaji kuangaliwa, wanahitaji kuhesabiwa.

*

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa inanyunya, droni za kabichi zinashuka kutoka milimani zimelowa, wakati mwanamke mmoja alipopiga hodi. Alikuwa kajifunga kitambaa cheusi kichwani na kabeba kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na kuku.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuku haingii ofisini."

Akaingia naye. "Mimi ni Skolastika, binti wa marehemu Kandida Mkude wa Mgeta. Nimekuja kumchukua mama."

"Mama yako hayuko hapa."

"Yuko hapo," akasema, akaonyesha kioo chenye mstari wa kijani. "Yule mliyemrusha, aliyelala kwenye jeneza, ni mama yangu."

"Jeneza gani?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikera zaidi. "Dada, hukuiangalia?"

Nikakaa. Kichwani mambo yakajipanga yenyewe. Undugu ina kufuli moja: hairuhusiwi kugusa maiti. Vijana walioiunda, kule kwenye maghorofa ya vioo, waliifundisha kutambua msiba kwa kilio. Vitoto vile misiba vimeiona wapi? Kwao mtu akifa watu huvaa miwani myeusi na kunong'ona. Hawajapata kumwona mtani akiingia kaburini na kugoma kutoka. Hawajui kwamba mtani kazi yake ni kuwachekesha wafiwa wasivunjike. Mashine ilisikia watu wanaangua kicheko, ikasema sherehe. Nami, Mluguru niliyezaliwa kwenye mambo hayo, nikabonyeza ndiyo.

"Kila anayeiangalia anamwona wake," Skolastika alisema. "Mimi nikiangalia simwoni mama. Namwona Pendo. Mwanangu huyo, dada, wa miaka minne, mzima, nimemwacha nyumbani anachezea matope. Namwona yeye kwenye sanduku, katiwa pamba puani, na watu wanacheka. Uchuro mtupu! Tangu hapo simruhusu kutoka nje. Akilala namwekea mkono puani nisikie kama anapumua."

"Usiangalie basi."

"Mimi naweza kuacha. Baba je? Baba yuko hospitali, kavunjika nyonga, hakuweza kupanda mlimani kumzika mkewe. Tukamwambia usijali, Kalunde kamrekodi, utaona kila kitu. Tukamwonyesha. Kamwona dada yake, Shangazi Bertila, aliyekufa sisi hatujazaliwa. Tukarudia, Bertila. Sasa anatuuliza, mbona mnanionyesha msiba wa zamani? Kandida yuko wapi, mbona haji kuniona? Kila jioni anabakiza nusu ya uji, anasema huo ni wa Kandida, atakuja na njaa." Hapo akakikumbatia kikapu. "Nataka baba amwone mama akiingia kaburini, dada. Amwone yeye. Apate kulia."

"Kalunde atakuwa na nakala."

"Kafuta. Anasema simu ilikuwa imejaa."

Bila shaka. Watu hawa wana nafasi ya kutunza picha za kucha zao, lakini msiba wa mtu wanaufuta.

Nikamweleza. Sura ya mama yake ilikuwa bado ndani ya mashine, lakini mchana huo video ingefika Kileleni, na ikifika, sura hiyo inakwenda moja kwa moja. Kuisimamisha naweza mimi peke yangu. Nikiisimamisha nakuwa nimekiri kwamba nilirusha maiti, na Undugu inanifungia maisha. Kesho ningekuwa nauza vitumbua. "Kwa hiyo pole sana kwa msiba," nikamalizia. "Lakini ilishatiwa sahihi."

Hakuondoka. Alikaa sakafuni, kikapu mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake zahanati.

*

Kalunde aliingia kwa kelele, kama kawaida, akipangusa mvua usoni. Alipomwona Skolastika hakupunguza hata chembe.

"We yatima! Umeshuka mlima kwa miguu yako, au na wewe umebebwa kama mama yako?"

Nilidhani Skolastika atamrukia. Akacheka. Machozi yanamtoka na anacheka. "Nimeshuka kwa miguu, mpagazi wee. Ningekuita unibebe ila ungeniibia viatu."

"Na kikapuni mna nini?"

"Kuku. Ulichukua kitu msibani kwetu, nimekuja kukikomboa."

Kalunde akakitazama kikapu. Mimi pia nililielewa neno hilo, ingawa nilikuwa sijalisikia siku nyingi. Mtani msibani hunyakua anachotaka: jembe la kuchimbia kaburi, kiatu cha katekista, ufunguo wa nyumba. Kitu hicho ni chake mpaka wafiwa wakikomboe. Lakini wakileta chochote, hata kuku mwenye kideri, hana ruhusa ya kukataa. Akikataa si mtani tena, ni mwizi.

"Nilichukua nini?" Kalunde aliuliza, taratibu.

"Sura ya mama."

Kalunde akamtoa kuku kikapuni, akamshika miguu, akampima uzito. Alikuwa kuku mwekundu, kishingo, mbaya wa kutosha. "Hiki nacho ni kuku? Hiki ni kidole chenye manyoya. Ndiyo maana nyie Waluguru mnakufa mmekonda." Akamweka kwapani. "Haya. Nimepokea. Mtani, mrudishie mama yake."

Mtani alikuwa ni mimi. Nikacheka kicheko kibaya.

"Kalunde, unaujua huo mstari unaelekea wapi? Umenisumbua miaka, Resti nipaishe, Resti nipaishe, nikafika mpaka kukuota. Leo mchana nchi nzima itakuwa inalijua jina lako. Unaiacha kwa kuku?"

"Nimeshampokea."

"Kwa kuku mwenye shingo tupu!"

"Hata angekuwa yai. Unafikiri nimefurahi?" Nikaona kweli inamuuma. "Nimeshampokea, Resti. Utanirudishaje nyuma?"

"Na mimi je? Leseni yangu? Mnanipa mimi nini, firigisi?"

"Wewe umesema huna mtani," alisema. "Basi kwako hatuna cha kukomboa. Tunakuomba tu."

Nakwambia niliwadharau wote wawili siku ile. Mmoja analilia sura ya maiti, mwingine anatupa bahati ya maisha yake kwa sheria ya wabeba mizigo waliokwishaoza. Nilitaka kuwafukuza wote na kuku wao. Lakini Skolastika akasema, "Dada, iangalie tu. Ukishaiangalia ukasema hapana, nitashuka ngazi, sitarudi."

Ili kuisimamisha ilikuwa lazima niiangalie hata hivyo. Ndivyo Undugu ilivyo: mpaishaji anayetaka kusimamisha ni lazima aitazame video nzima, kishikizi kikiwa sikioni, kama mtazamaji mwingine yeyote, ndipo kitufe kifunguke. Nilikubali ili wanyamaze. Na kusema kweli, nilitaka kujua nitamwona nani. Nilijiambia nitamwona mama yangu, au yule mwalimu wa Kilosa niliyempenda kijinga nikiwa msichana. Nikajikaza kwa wote wawili, nikawasha.

*

Mlima, ukungu, watu wengi wamebeba jeneza kwa kupokezana. Sauti ya Kalunde iko mbele ya wote: "Mluguru gani huyu anayepanda mlima amelala? Kandida! Miaka yote mnatutukana sisi wapagazi, leo umepata kubebwa bure, unanyamaza kimya!" Watu wanayumba kwa kicheko, jeneza linayumba nao. Kaburini Kalunde anamwachia mtu simu, anaingia shimoni, anajilaza, anasema shimo ni zuri, hatoki, marehemu akatafute kwake. Jeneza likifunguliwa anaivua kilemba maiti, anajifunga, anatembea kwa mwendo wa marehemu, mkono kiunoni, akiwagombeza watoto. Hapo binti za marehemu wanacheka na kuanguka chini, na kicheko kinageuka kilio, na watani wanawanyanyua.

Halafu simu inasogea jenezani, watu wanaaga.

Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba. Alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kulia. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa imechanika. Midomo iliachama kidogo, kama mtu aliyekatizwa katikati ya ugomvi. Nikasubiri abadilike.

Hakubadilika. Nikatazama pembeni ya kioo: mchanganyiko ulikuwa karibu umejaa, mashine inafanya kazi. Nikakigonga kishikizi changu kwa kidole. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kimetafuta. Undugu ikikosa wa kumchanganya, huiacha sura ilivyo. Hilo limeandikwa kwenye maelekezo, mwisho kabisa, na sisi wapaishaji tulikuwa tunataniana kwamba mtu asiye na mpendwa hata mmoja bado hajazaliwa.

Nikamtazama yule bibi nisiyemjua mpaka wakafunga kifuniko. Moyo wangu haukuongeza wala kupunguza pigo.

"Umemwona nani?" Skolastika aliuliza.

"Nimemwona mama yako."

Akajishika mdomo. "Amerudi? Amesharudi, dada?"

"Ana kovu kwenye nyusi."

"La kuni! Aliangukiwa na mzigo wa kuni!"

"Na sikio lake la kushoto limechanika."

"Hereni! Kaka aliivuta akiwa mchanga, mama akawa anamtania nalo mpaka kaka kaoa!" Akanikumbatia. Alinuka moshi na mvua, na alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Asante, dada. Asante. Mungu akupe."

Hakuelewa. Namshukuru Mungu hakuelewa. Lakini nilimwona Kalunde juu ya bega lake. Kalunde alikuwa amewahi kuniuliza jinsi mashine inavyofanya kazi, siku moja akinywa chai yangu, nami nilimweleza yote kwa majivuno. Alikuwa amesimama na kuku kwapani, ananitazama. Nilingoja aseme kitu. Mwanamke anayemtania maiti ndani ya sanduku hakuwa na utani wa kunipa mimi.

Nikabonyeza kusimamisha.

Mstari wa kijani ulianguka, kioo kikawa chekundu, leseni yangu ikafutika mbele ya macho yangu kama vile haikuwahi kuwapo. Mchanganyiko ukafutika kwa kila mtazamaji, na video ya asili ikaenda kwenye simu ya Skolastika. Aliitazama papo hapo mlangoni, nikasikia anasema, "Ee mama," halafu akateremka ngazi mbio kuelekea hospitali, kikapu kakisahau. Chini, Mzee Chambo akapaza sauti, "Mbona bibi huyu mimi simjui?" Tabu akamjibu, "Ndiyo, na mimi sasa niambie huyo Salima ni nani."

Kalunde alibaki. Nilimsogezea kiti changu kwa mguu. Hakukaa.

"Shika," akasema, akaniwekea kuku mezani.

"Sitaki kuku wako."

"Usimchinje. Mfuge." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wa mwanamke yule ulinichoma kuliko matusi yote aliyowahi kunipa. "Ukirudi jioni, kuwe na kitu kinachokungoja." Akatoka na simu yake tupu. Hata chai hakuigusa.

Kuku akaninyea mezani. Nikamtazama, naye akanitazama kwa jicho moja. Nikasikia viatu vya Kalunde vikishuka ngazi, vinakaribia chini, na hofu tupu ikanishika, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nikambeba kuku, nikatoka mbio mpaka ngazini.

"Kalunde!" nikaita. "Anaitwa nani?"

Akasimama mlangoni, mvua nyuma yake, akageuza shingo.

"Kuku ana jina? Mluguru mjinga wee!"

Nikabaki ngazini na kuku kwapani, nikingoja anitukane tena.